Kabla Babu Hajawasha Moshi

Kajaani, tarehe 4 Novemba

Mdogo wangu Leelo,

Miguu inauma na mikono inanuka chuma, lakini nina swali ambalo hapa siwezi kumuuliza mtu bila kuchekwa. Je, sweta la sufu linaweza kuua kompyuta?

Unajua nafanya kazi kwenye ukumbi wa seva uliokuwa kiwanda cha karatasi. Mimi si fundi. Mimi ni wa kubeba, kufungua, kuchomoa na kuchomeka. Seva ikifa, sheria ni moja: izime, iwashe, ukiona haijatulia badilisha vijiti vya kumbukumbu. Sigusi kibodi. Kwa kazi hiyo Waestonia tunafaa, anasema Esko, kwa sababu tunanyamaza karibu kama Wafini.

Esko ndiye nyapara wetu. Ana masharubu ya manjano na bado mwaka mmoja astaafu. Si mtu mbaya. Lakini tangu katikati ya Oktoba seva zimeanza kufa, na zinazokufa ziko kwenye safu ninayoihudumia mimi. Jana alisimama mbele yangu akalitazama lile sweta alilonifumia Mama, akalishika mkono kwa vidole viwili kama anashika panya. Akaniuliza nimeanza kulivaa lini. Nikasema katikati ya Oktoba, baridi ilipoanza. Akaenda kuniandikia onyo.

Sufu inatoa cheche, najua, nikilivua gizani naziona. Kama ni mimi ninayeviua vijiti hivyo, nataka nijue. Safu ile ndiyo inayoendesha mfumo wa kuita ambulensi za wilaya nzima. Esko ameshasema seva nyingine ikifa mkononi mwangu, mkataba wangu hautafika Krismasi. Sina pa kwenda baada ya hapa, Leelo. Nimechoka kuanza upya.

Mama usimwambie habari za sweta.

Kaka yako,
Urmo

~

Tartu, tarehe 6 Novemba

Kaka Urmo,

Ndiyo, sufu inaweza. Ivae ile kamba ya mkononi inayotuliza umeme, na sweta livue mlangoni. Lakini kijiti kilichopigwa cheche kwa kawaida hufa na kubaki kimekufa. Hivyo vyenu vikipimwa baadaye, vinaonekana vibovu?

Na seva ikifa, skrini inaandika nini?

Mimi niko salama, nimezama kazini. Uliwahi kuniuliza nafanya nini hasa ukasinzia kabla sijamaliza, kwa hiyo nafupisha. Kila kompyuta ina kiini, programu iliyo chini ya programu zote. Kiini hugawa kumbukumbu kwa vipande vidogo tunavyoita kurasa. Siku hizi tunaunganisha kurasa ndogo mamia kuwa moja kubwa, kazi iende kasi. Nafasi ikibana, ile kubwa inapasuliwa tena. Sehemu yangu ni hapo: kupasua bila kumwumiza aliyemo ndani.

Mtunzaji wa sehemu hiyo ni Mjerumani mmoja, Wendelin, ndiye aliyenitafutia kazi hii. Kwetu kila badiliko, yaani kiraka, hutumwa kwa barua pepe mbele ya watu wote, na chini yake yanaandikwa majina: aliyekiandika, aliyekikagua, aliyekijaribu. Kiraka chake cha mwisho kina jina langu: Amekagua, Leelo Kaasik. Toleo jipya linatoka Jumapili ya tarehe 22, dunia nzima italitumia. Usicheke, nimelichapisha na kulibandika kwenye friji.

Kula vizuri. Samaki wa kopo si chakula cha jioni.

Leelo

~

Kajaani, tarehe 12 Novemba

Leelo,

Sweta nimelivua. Nafanya kazi na shati la pamba alilonipa Esko, nalo limeandikwa jina la klabu ya kuteleza kwenye theluji iliyokufa zamani. Kamba ya mkononi navaa, nimefungwa kama mbuzi. Na leo seva nyingine imekufa.

Vijiti nilivyochomoa vyote vinapimwa na jamaa wa stoo, na vyote ni vizima. Anavipanga kwenye sanduku akinicheka. Ameanza kuniita Mchungaji, kwa ajili ya sufu. Nilimwambia Esko: kama vijiti ni vizima mimi nimeua nini? Akasema yeye hajui, anachojua ni kwamba kabla yangu seva hazikuwa zinakufa. Hili ni onyo la pili. Jumatatu ya tarehe 23 watakuja watu wa kampuni kutoka Helsinki kuamua habari zangu.

Skrini sikuiona. Sheria inasema zima mara moja, kwa sababu ya ambulensi. Ndani ya ukumbi simu haziruhusiwi, tunaziacha getini na tumetia saini.

Esko mwenyewe ana huzuni yake. Mtoto wa dada yake, Veikko, ni dereva wa ambulensi. Wiki iliyopita alipelekwa kwa bibi mmoja aliyepigwa na kiharusi, akafika kijiji kingine kabisa, nyumba ya watu waliokuwa wanakula supu yao. Bibi aliokolewa na jirani mwenye trekta, lakini mkono mmoja hauinuki tena. Veikko anaapa kwamba anwani aliyopewa kwenye skrini ya gari ndiyo aliyoiendea. Wamemsimamisha. Wanasema alikuwa na usingizi.

Ndiyo hivyo. Kila mtu hapa ana lake.

Urmo

~

Tartu, tarehe 13 Novemba

Kaka,

Usibadilishe vijiti tena bila kunijulisha.

Seva ikifa, kabla hujaizima, soma skrini. Nahitaji mstari wa juu kabisa, wenye namba ya toleo, na mistari inayofuata. Hutaelewa, usijali, nakili tu. Angalia kama kuna mstari unaosema ukurasa umeachwa huru wakati bado umeshikwa.

Usiniulize kwa sasa.

Leelo

~

Kajaani, tarehe 17 Novemba

Leelo,

Picha hiyo hapo chini. Kunakili nisingeweza, maandishi ni mengi na yanakimbia. Nilipitisha simu ndani ya buti. Kutembea kwa kuchechemea mbele ya mlinzi nikijidai nina ugonjwa wa goti ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Sasa sikiliza. Seva iliyokufa leo iko kwenye safu ile ile, lakini sijawahi kuifungua. Hata kifuniko chake sijakigusa. Nilisimama mbele yake na shati langu la pamba, na nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Kisha nikaizima na kuiwasha, na Esko akaniandikia onyo la tatu, maana kwenye karatasi safu ni yangu.

Umenyamaza vibaya. Nakujua. Ulinyamaza hivyo hivyo wiki nzima ulipokuwa umemficha yule paka darini. Kuna jambo unalijua. Niambie, hata kama ni baya. Zimebaki siku chache Jumatatu ifike, na mimi ndiye nitakayekaa kwenye kile kiti.

Urmo

~

Tartu, tarehe 18 Novemba

Kaka Urmo,

Si wewe. Si sweta la Mama. Ni kiraka cha Wendelin, kile chenye jina langu kwenye friji.

Kampuni inayowauzia mfumo ilikichukua mapema kwa sababu kinaongeza kasi. Namba ya toleo kwenye picha yako inaonyesha hivyo. Kiliwekwa katikati ya Oktoba, wiki uliyoanza kuvaa sweta.

Nitakueleza kwa namna utakayoelewa. Unakumbuka ghala la viazi la Babu? Kila masika, likiwa tupu, alichoma salfa ndani ili moshi uue ukungu. Alituhesabu kwanza uani, sote tuko, halafu akaenda kufunga mlango, akawasha kupitia tundu la chini. Mwaka ule, kati ya kuhesabu na kufunga, mimi nilirudi ndani kumfuata paka. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila ilikuwa imeshapitwa. Wewe ndiye uliyesikia nakohoa. Tangu siku ile Babu alifunga mlango kwanza, ndipo akahesabu, na kama mmoja hayupo hakuwasha.

Kupasua ukurasa mkubwa ni vile vile. Unaufunga ili asiingie mtu. Unahesabu walioushika. Kama yupo usiyemtarajia, unaacha, unajaribu siku nyingine. Kufunga kunachukua muda, basi Wendelin akahamisha hesabu iwe kabla ya kufunga. Kwa kawaida haina shida. Lakini kadi ya mtandao inaandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kuomba ruhusa kila mara, nayo huingia katika nafasi ile ndogo. Ukurasa unapasuliwa, vipande wanapewa wengine, na kadi bado inamwaga mzigo wake humo.

Nilipokikagua niliiona nafasi ile. Nikaandika swali, kisha nikalifuta. Nilijiambia Wendelin anajua zaidi yangu. Nikaweka jina.

Nimemwandikia faraghani. Anasema huko kwenu ni ukumbi wenye vijiti vibovu na mfanyakazi mzembe. Hakiondoi kiraka kwenye toleo la Jumapili mpaka pawe na ripoti mbele ya watu wote, yenye ushahidi na jina la aliyeuona. Ndiyo kanuni yetu na ni kanuni nzuri. Ripoti isiyo na mtu haina wa kuulizwa.

Kwa hiyo naomba jina lako, pamoja na picha.

Leelo

~

Kajaani, tarehe 18 Novemba, jioni

Leelo,

Hapana.

Ukiweka jina langu na picha, watu wa Helsinki watajua nilipitisha simu. Kwa hilo hakuna onyo, unatoka getini siku hiyo hiyo, na hakuna ukumbi mwingine Ufini utakaokupokea. Bora wanifukuze kwa uzembe. Mzembe anapata kazi ya kupakia magogo. Mtu aliyepiga picha ndani ya mfumo wa ambulensi anaitwa kitu kingine.

Nina hasira, sikufichi. Nimetetemeka kwa baridi kwa shati la klabu mfu, nimeitwa Mchungaji, na muda wote jibu lilikuwa kwenye friji yako. Uliiona ile nafasi ukanyamaza kwa sababu mtu ni mkubwa. Hata mimi niliyeishia darasa la tisa ningeuliza.

Kesho nitakuwa nimepoa. Leo sijapoa.

Urmo

~

Tartu, tarehe 19 Novemba

Kaka,

Umesema kweli yote na sina la kujitetea. Jina lako sitaliweka. Picha nimeifuta mstari unaotaja ukumbi, na najaribu kuliamsha kosa hapa kwenye mashine yangu ili nisikuhitaji kabisa. Tangu jana haijakubali kufa. Kwenu mzigo wa mtandao ni mkubwa, hapa hautoshi.

Jambo moja linanikosesha usingizi, na lazima ulijue hata ukiwa na hasira. Seva inayokufa ndiyo yenye bahati. Imegundua kosa ikasimama. Mbaya ni ile isiyokufa. Mzigo wa mtu mmoja unaangukia kwenye kipande cha mtu mwingine, na seva inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Jina la huyu, anwani ya yule. Hakuna atakayejua. Na baada ya Jumapili itakuwa hivyo kila mahali.

Leelo

~

Kajaani, tarehe 20 Novemba, asubuhi

Leelo,

Anwani ya yule. Nilisoma hapo nikakaa kitandani nikiwa na buti moja mguuni.

Veikko hakuwa na usingizi.

Jana ilikuwa zamu yetu ya sauna. Unajua desturi: humo ndani hakuna nyapara, mko uchi wote, na anayezungumzia kazi anatazamwa vibaya. Nilisubiri wengine watoke. Nikabaki na Esko kwenye ubao wa juu. Nikamwambia yote: buti, picha, kiraka, wewe, Babu na moshi. Sikuruka kitu. Yeye alimwaga maji kwenye mawe ya moto, akamwaga tena, mpaka masikio yangu yakaanza kuungua. Nilidhani ananitoa kwa mvuke.

Mwishowe akauliza, "Buti ni la nani?"

Nikasema la kampuni.

"Basi simu iliingia na kampuni."

Kisha akasema Veikko amekaa jikoni kwa dada yake tangu siku ile, hawashi taa, na ameanza kuamini kweli alisinzia. Akaniuliza swali moja tu: kama tukikaa kimya, je, wewe huko Tartu peke yako utaweza kuwazuia? Nikasema hukuweza tangu mwanzo, mtu wako ni mkubwa. Akacheka kidogo, nadhani. Kwa Esko ni vigumu kujua.

Weka jina langu, Leelo. Lote, Urmo Kaasik. Niliogopa kuonekana mwizi, na yupo mwenzangu aliyeshaonekana nusu muuaji. Weka pia mstari ulioufuta. Jumatatu yangu niachie mwenyewe.

Hasira imepoa. Siyo yote.

Urmo

~

Tartu, tarehe 20 Novemba, asubuhi

Kaka Urmo,

Sikungoja. Nimeshatuma ripoti mbele ya watu wote, bila jina lako, kwa picha niliyoikata. Nimeandika pia kwamba naondoa jina langu chini ya kiraka kwa kuwa sikukikagua inavyostahili. Hapa watu hawafanyi hivyo. Maneno yale yatakaa pale hadi tuzeeke.

Wendelin amejibu ndani ya saa moja, kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko matusi. Anasema hatuondoi kazi ya miezi kwa picha isiyo na mwenyewe. Kisha akaniandikia faraghani kwamba huenda sehemu hii imenizidi, na kwamba mwaka ujao tutazungumza kuhusu nafasi yangu.

Nimeshindwa, Kaka. Nilitaka kukulinda na kukizuia kiraka, nimeshindwa yote mawili. Ukihitaji mahali pa kufikia baada ya Jumatatu, kochi langu ni lako.

Leelo

~

Tartu, tarehe 20 Novemba, mchana

Kaka,

Barua zetu zimepishana njiani. Ndiyo kwanza nasoma yako.

Nimetuma tena. Picha nzima, jina lako lote.

L.

~

Tartu, tarehe 22 Novemba

Kaka Urmo,

Toleo limetoka leo. Kiraka hakimo.

Jana hadi mchana Wendelin alikuwa kimya. Halafu ikaja barua mbele ya watu wote kutoka anwani ambayo hakuna aliyeijua, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Nakunukulia yote, ni fupi: "Mimi ni msimamizi wa ukumbi. Kaasik amesema kweli. Seva aliyoipiga picha hakuifungua kamwe, nimekagua. Ambulensi yetu ilikwenda nyumba isiyo yake. Fungeni mlango kwanza, ndipo mhesabu. Esko Hyttinen."

Kisha mwanamke mmoja wa Ureno akaandika kwamba na wao wamekuwa wakibadilisha vijiti vizima tangu Oktoba. Kisha mwingine. Jioni Wendelin akakitoa mwenyewe. Sijui kama ataniweka mwaka ujao. Aliniandikia neno moja faraghani, "Sawa," na sijui ni sawa ya namna gani.

Chini ya barua iliyokiondoa kiraka yako majina. Wameripoti: Urmo Kaasik, Esko Hyttinen. La kwangu halimo na sikuliomba. Ile karatasi ya friji nimeitoa.

Kesho nitakaa na simu mkononi. Niandikie hata mstari mmoja.

Leelo

~

Kajaani, tarehe 27 Novemba

Mdogo wangu Leelo,

Nimechelewa kwa sababu vidole vimekufa ganzi, utaelewa.

Jumatatu walikuja wawili, mwanamume na mwanamke, na karatasi yangu niliyotia saini getini waliiweka mezani kabla hata hawajavua makoti. Habari za kiraka walikuwa nazo. Walinishukuru kwa hilo, kisha wakasema simu ni simu. Esko alikaa kando yangu bila kuitwa. Walipomwuliza kama alijua, alisema alijua, jambo ambalo si kweli kabisa, alijua baadaye. Walitoka wakazungumza barabarani kwenye theluji, tukiwaona dirishani.

Sikufukuzwa. Ila ukumbini siingii tena, si mimi wala kadi yangu. Nimehamishiwa nje, kwenye jukwaa la kupakulia malori. Ni nyuzi ishirini chini ya sifuri na upepo unatoka ziwani. Mshahara umepungua kidogo. Esko wamemwambia astaafu sasa badala ya mwaka ujao. Anasema alikuwa anatafuta namna ya kuwaomba.

Kwa hiyo mwambie Mama sweta linafaa sana. Huku nje hakuna anayelishika kwa vidole viwili. Jamaa wa stoo ameniuliza kama Mama anauza.

Jana, nikiwa nimeshusha nusu ya mzigo, ambulensi ilisimama mbele ya jukwaa bila king'ora. Alishuka kijana mwembamba mwenye sare mpya. Hakujitambulisha, lakini ana masikio ya Esko, nikajua Veikko amerudishwa kazini. Alinipa mfuko wa mikate ya iliki, bado ya moto, dada yake Esko ameoka. Tulisimama tukila kama farasi wawili. Nilidhani ataondoka hivyo hivyo.

Akaniuliza kama ule mlango sasa umefungwa.

Nikamwambia umefungwa. Wanafunga, ndipo wanahesabu.

Akaitikia kwa kichwa, akapangusa makombo, akapanda gari. Redio yake ilikuwa inamwita. Aliisoma anwani kwenye skrini, kisha akaichukua redio akaomba warudie kwa mdomo, polepole. Ndipo akawasha king'ora.

Kaka yako,
Urmo